Kliniki za tezi kwa sisi wazee: sehemu mbili nilizotibiwa na ipi ilinitibu kweli

Naandika haya kwa wazee wenzangu na kwa watoto wenye mzazi ndani ambaye kila akilalamika anaambiwa ni uzee. Mimi nina miaka 73, nilikuwa karani wa tiketi TAZARA stesheni ya Makambako mpaka nikastaafu, sasa hivi niko Dar kwa binti yangu, Tabata. Nimetibiwa tezi ya shingo, ile wanayoiita thairoidi, sehemu mbili, ya kwanza hospitali moja kubwa ya binafsi na ya pili kliniki ya sukari na homoni iliyo ndani ya hospitali ya serikali. Majina siweki, nia yangu ni mtu aijue huduma nzuri ya tezi ikoje ili akiikosa ajue anakosa nini. Ya kwanza naipa nyota mbili kati ya tano, ya pili nyota nne, na nitaeleza hizo nyota zimetoka wapi.

Kwanza niseme nilivyokuwa maana bila hivyo hamtaelewa kwanini nakasirika. Mwili ulianza kuwa mzito taratibu sana, sio ugonjwa wa kukulaza ghafla, huu unakunyang'anya kitu kimoja kimoja. Choo kikawa kigumu, ngozi ya miguu ikakauka ikawa inapasuka hata nikipaka mafuta ya mgando, uso ukajaa watu wakawa wananiambia mama Dar imekupenda umenawiri, kumbe ule ni uvimbe. Sauti ndo iliniuma zaidi, kwaya ya kanisa nimeimba sauti ya pili toka usichana, ikashuka ikakwaruza mpaka nilivyorudi nyumbani likizo mwalimu wa kwaya akanisogeza nikae karibu na wanaume, alifanya kwa heshima kabisa lakini nilienda kulia. Na baridi jamani. Makambako baridi ni ya kila mtu huwezi kujua kama ni ugonjwa, ila Dar mwezi wa kwanza, joto lile watu wanakaa barazani mpaka usiku wa manane, mimi nimevaa sweta na soksi naomba feni izimwe, wajukuu wanatokwa jasho wananiangalia tu. Halafu usahaulifu, naanza sentensi inapotelea katikati, namba za simu za wanangu nilizokuwa nazo kichwani zote zikanitoka.

Sasa kuna jambo moja la muhimu. Mimi ni mzaliwa wa Makete, na sisi tuliozaliwa kule milimani zamani rovu shingoni lilikuwa kitu cha kawaida kabisa, mvua za miaka na miaka zimesomba madini joto kwenye udongo na chumvi ya wakati ule haikuwa imewekewa, kwahiyo tezi inavimba ikijitahidi kupata kidogo kilichopo. Baadaye miaka ya 1980 na 1990 ndo vikagawiwa vile vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika na chumvi ikaanza kuwekewa, watoto wetu wameepukana na hayo. Mimi nilishafanyiwa opereshini mwaka 1984, wakatoa sehemu kubwa ya tezi wakabakiza kipande. Kovu ninalo mpaka leo, linapita shingoni mbele kutoka upande huu mpaka huu, ninalifunika na mtandio. Na mtu aliyekatwa tezi, kile kipande kilichobaki kinaweza kufanya kazi miaka mingi halafu kikachoka polepole, daktari yeyote akiliona lile kovu na akasikia ninavyojisikia anatakiwa aunganishe mwenyewe.

Hospitali ya kwanza sitaisema vibaya kwa kila kitu. Mapokezi yao mazuri, kuna kiti cha magurudumu mlangoni, vyoo visafi, manesi wanakupa shikamoo na wanakushika mkono kwenye ngazi. Kumuona daktari bingwa ilikuwa kama elfu hamsini, kipimo cha TSH peke yake, kile cha homoni ya tezi, kama elfu thelathini hivi, vyote keshi maana bima sina, wanangu wanachanga. Kwa hela hiyo mtu unategemea uangaliwe.

Sikuangaliwa. Nilivyoingia daktari alikuwa anaandika kwenye kompyuta, akaniuliza umri kabla hajaniuliza naumwa nini, nikamwambia, akasema bibi umri huo mwili lazima uchoke. Nikataja choo akaandika dawa ya choo. Nikataja miguu akaandika kalsiamu ya mifupa. Damu ikaonyesha lehemu, yaani kolestro, iko juu, ikaandikwa dawa ya lehemu. Binti yangu akataja usahaulifu, tukapewa barua twende kwa wataalamu wa akili kwa ajili ya usahaulifu wa uzeeni. Nywele zinanyonyoka, vitamini za nywele. Yaani nimetoka na mfuko wa dawa na kila dawa inatibu kipande kimoja cha mwili wangu, hakuna aliyekaa akajiuliza hivi vitu vyote vinatoka wapi, na mtandio sikuambiwa niutoe hata mara moja. Tezi ikilegea inaweza kuleta yote hayo niliyotaja, mpaka hiyo lehemu kupanda, na ndo maana nasema kumwambia mzee ni umri kabla hujampima ni kumnyima matibabu. Baridi, choo kigumu, uchovu, kusahau, huzuni, vyote hivyo vinafanana na uzee, kwahiyo kwa mzee ndo inabidi upime haraka zaidi, sio upime mwishoni.

Kipimo cha tezi alikilazimisha binti yangu. Alisimama pale mezani akasema dokta mama alishakatwa rovu, naomba apimwe tezi kabla hatujatoka hapa. Ndo tukapimwa. TSH ikaja zaidi ya 40, na ile FT4, yaani T4, homoni yenyewe inayotengenezwa na tezi ya shingo, iko chini ya kiwango. Kwa asiyejua, TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kwenda kuiamsha tezi ya shingo, ya shingo ikizembea basi TSH inaongezwa na kuongezwa, kwahiyo namba ikiwa juu maana yake tezi ya shingo imelegea. Kawaida maabara nyingi wanaandika kuanzia kama 0.4 mpaka 4. Mimi 40 na kitu.

Wakanianzishia levothairoksini, dawa ya kujazia homoni ya tezi iliyopungua, maikrogramu 25, na hapo walikuwa sahihi, naomba nieleweke. Mzee, tena mwenye presha kama mimi, haanzishwi dozi kubwa kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole ukiusukuma ghafla unaweza kuleta maumivu ya kifua au mapigo kwenda ovyo. Unaanza chini unapanda taratibu. Shida ni kwamba wao walianza chini wakabaki hukohuko chini. Nikarudia kipimo ikaja 19, naambiwa imeshuka vizuri mama, endelea na hiyohiyo, wazee TSH yao huwa inakuwa juu. Nikarudi tena nimechoka vilevile, sweta vilevile, jibu vilevile. Nikasema sijisikii nafuu, nikajibiwa tukikuongezea moyo utasumbua, kwa umri wako hii inatosha. Inatosha kwa nani? Mimi ndo niliyekuwa nashindwa kupanda ngazi za kanisani.

Na famasi yao ndo imenitoa kabisa. Vidonge vinahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa vinatiwa kwenye kibahasha cha karatasi, juu kimeandikwa kwa kalamu 1x1 asubuhi. Kibahasha cha kalsiamu nacho 1x1 asubuhi. Kile cha omeprazo cha tumbo 1x1 asubuhi. Kwahiyo kila asubuhi nakunywa vyote pamoja na chai ya maziwa, kama nilivyoandikiwa. Hakuna hata mmoja pale dirishani aliyesema mama hivi vitu havipatani, na mfamasia ndo kazi yake hiyo. Kalsiamu inaikamata levothairoksini tumboni isiingie mwilini, vidonge vya madini ya chuma navyo hivyohivyo, dawa za kiungulia zinapunguza, maziwa na kahawa vinapunguza. Na karatasi ile kwenye joto la Dar na unyevu wake, dawa yenyewe haitakiwi joto wala mwanga wala unyevunyevu, inatakiwa ikae kwenye pakiti yake sehemu isiyozidi nyuzi 25. Sasa unampa mzee dozi ndogo, halafu hata hiyo ndogo unamuandikia namna ya kuimeza ambayo itamfanya aipoteze, halafu unamwambia inatosha.

Kwahiyo nyota mbili ni za manesi na usafi. Za matibabu hakuna.

Kliniki ya pili tulielekezwa na mama mmoja wa kanisani ambaye ni mgonjwa wa sukari, akasema siku ya kliniki ya sukari wanaona na watu wa tezi. Ni hospitali ya serikali, foleni kweli ipo, ila kuna dirisha la wazee na wanalifuata, kijana wa mlangoni alikuwa anapita kwenye mabenchi anaokota wenye mvi anawatanguliza. Daktari ni binti mdogo tu, angeweza kuwa mjukuu wangu. Kasimama, shikamoo mama, nikamwitikia marahaba, akavuta kiti akakaa akiniangalia, akasema niambie toka mwanzo. Nikaanza kusimulia nikapotea katikati, akasubiri. Hakumgeukia binti yangu amuulize yeye, alinisubiri mimi. Halafu akasema naomba utoe mtandio nione shingo.

Alivyoliona kovu alinyamaza kidogo, akauliza la mwaka gani, nikamwambia. Akaja nyuma yangu akanishika shingo kwa vidole vya mikono miwili akaniambia nimeze mate, halafu akanipa maji nimeze tena. Akaangalia nyusi, zilikuwa zimepukutika huku pembeni, mimi nilidhani ni mambo ya uzee tu. Kisha akaniambia nipige magoti juu ya kiti nimshike binti yangu mabegani, miguu ining'inie, akagonga kisigino juu kidogo pale kwenye mshipa mgumu na kinyundo kidogo cha mpira. Mguu ukaruka, halafu ukarudi polepole kama unasinzia. Akamuita mwanafunzi wa udaktari aje aone, akamwambia tazama unavyorudi, hiyo ni tezi. Kinyundo hicho sijui kama kina bei yoyote ya kutisha, na ilikuwa haijafika hata dakika kumi toka niingie.

Baada ya hapo akasema nitoe dawa zote mezani. Zote, na za kienyeji kama zipo. Akazitandika akaanza kuzigawa, hii ya alfajiri, hii ya mchana, hii ya usiku. Levothairoksini niinywe alfajiri na maji matupu tumbo likiwa halina kitu, nikae nusu saa mpaka saa nzima ndo ninywe chai. Kalsiamu ihame kabisa iende mchana au jioni, zipishane masaa manne. Vitamini za nywele akasoma nyuma ya kopo akakuta zina bayotini, akasema hii inaweza kudanganya mashine ya maabara TSH ikasoma chini kuliko ilivyo, niache angalau siku mbili kabla ya kupima. Jirani yangu wa Kiislamu naye ana tezi, nikamuulizia kuhusu mfungo, akasema anaweza kuinywa usiku wakati wa kulala ili mradi masaa kama matatu yamepita toka ale, kikubwa achague muda mmoja abaki nao.

Nikamwambia kule nimeambiwa wazee TSH huwa juu. Hapa ndo nilimpenda, hakuwaponda wenzake. Akasema mama ni kweli, umri ukienda namba inapanda kidogo, mwongozo wa chama cha madaktari wa tezi wa Marekani wa mwaka 2014 unasema kwa wenye miaka 70 mpaka 80 inafaa kulenga 4 mpaka 6. Na kuna utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2017, watu 737 wa kuanzia miaka 65 ambao TSH yao ilikuwa imepanda kidogo tu na T4 yao nzima, walipopewa dawa hawakujisikia tofauti na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwahiyo mzee mwenye 6 au 7 na T4 nzuri kumwacha bila dawa sio uzembe, mara nyingi ndo sahihi, unamfuatilia tu. Lakini wewe ulikuwa na 40, T4 imeshuka, na tezi ilishakatwa, wewe hayo hayakuhusu. Jamani nilikaa nikashusha pumzi. Kule walichukua maneno ya wagonjwa wa aina moja wakanivisha mimi wa aina nyingine.

Akanipima umeme wa moyo kwanza, akaniongeza nikafika 50, akasema hatupimi wiki ijayo wala mwezi huu, dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, inahitaji wiki sita mpaka nane itulie ndo namba iseme ukweli. Akaniandikia kwa Kiswahili kwenye karatasi vitu vya kunirudisha haraka, moyo kwenda mbio au kuruka, kifua kubana, kutetemeka, jasho, kukosa usingizi. Akaeleza na upande wa pili, kwamba dozi ikizidi mzee anaweza kupata moyo kupoteza mpangilio na mifupa kupungua nguvu, ndo maana tunapanda ngazi moja moja. Kumbe ile hofu ya moyo ya kule ilikuwa na msingi, ila hofu ya moyo inatibiwa kwa kupima na kufuatilia, sio kwa kumwacha mtu anaganda.

Baadaye nikafika 75 na hapo ndo nimetulia, kipimo cha mwisho TSH 4.8. Sauti imerudi, sio yote lakini mwalimu wa kwaya amenirudisha kwa wanawake. Lehemu imeshuka, daktari amesema tuangalie tena kama ile dawa ya lehemu bado ina kazi. Choo kizuri. Ile barua ya wataalamu wa akili haijatumika, namba za simu za wanangu wote watano nazisema bila kuangalia.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu zipo. Kliniki ni siku moja tu kwa wiki na ikiangukia sikukuu basi mpaka wiki nyingine. Mabenchi hayana egemeo, mgongo wa mzee masaa yale ni adhabu. Choo kiko mbali upande wa pili wa jengo na njiani kuna ngazi bila pa kushika. Damu ya TSH inapelekwa kupimwa kwingine majibu yanachelewa, kuna wakati nimefika majibu hayajafika nikarudi bure, nauli ya bajaji kwenda na kurudi imepotea, na hilo wangeweza kulimaliza kwa kupiga simu tu. Dawa nazo dirishani kwao zinaisha, vile vya 25 hasa, inabidi ununue nje au ukate cha 50 katikati na kisu, macho yenyewe haya. Ukinunua nje ng'ang'ania kampuni ileile uliyozoea na kwenye pakiti yake, wakikubadilishia mwambie daktari maana huenda akataka upime upya.

Kwa bei, kule serikalini kumuona daktari na kipimo vyote pamoja havikufika kile nilicholipa kumuona tu yule wa kwanza, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure hospitali za serikali, aanzie ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, aende na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa.

Anayempeleka mzazi, afike asubuhi mapema na dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja pamoja na majibu yote ya zamani ya TSH yenye tarehe, maana daktari anataka kuona namba inakoelekea. Kama aliwahi kukatwa rovu, kuchomwa tezi kwa mionzi, au anatumia amiodaroni ya moyo au lithiamu ya magonjwa ya akili, hilo lisemwe la kwanza kabla ya kuulizwa. Na mtandio utolewe hata kama hajaambiwa. Mimi nimepangiwa kurudi baada ya miezi sita, nitakuja kuandika kama mabenchi wameyabadilisha.